Kizimba Kitupu

Mimi kitu kikitupwa hukiona kabla hakijatua chini. Mume wangu husema kwamba akinituma Ukunda kununua unga, unga nitausahau lakini mlango mbovu nitaupata. Niliwahi kurudi na friji nzima juu ya mkokoteni, na mpaka leo kuku wangu wanaatamia ndani yake. Banda langu la kwanza nililizungushia mabango ya uchaguzi, kwa hiyo mheshimiwa mmoja aliwachekea kuku wangu misimu miwili ya mvua, na hilo ndilo jambo pekee alilowahi kutufanyia. Nyavu zilizochanika huziomba kwa wavuvi wa Msambweni. Vitanda vya kuotea jua, hoteli za Diani zikivichoka, huwa vimeshafika kwangu kabla mlinzi hajauliza vinakwenda wapi. Bawaba zangu ni vipande vya tairi, na misumari ni ile iliyopinda, naigonga juu ya jiwe mpaka inyooke. Watu wa huku kwetu wanajua: ukitaka banda la kuku, nenda kwa yule mama wa takataka. Jina hilo nililipenda, nisikudanganye.

Baba yangu alitoka Ukambani akapewa shamba huku kwenye skimu ya makazi, nami nikazaliwa hapa. Mama alinifia nikiwa mke mgeni nyumbani kwa mume wangu, sijui hata kumfunga mtoto mgongoni. Aliyenilea tangu hapo ni jirani yangu wa ng'ambo ya ua, Mdigo, mwanamke wa swala tano. Ndiye aliyenifundisha kukamua tui, ndiye aliyemkanda mtoto wangu wa kwanza kwa mafuta ya nazi, na akinikuta nimenyamaza haniulizi nina nini, huniuliza nimekula nini. Ananiita mwanangu. Namwita mama, na si kwa adabu tu.

Mumewe alipofariki, akakaa eda. Ile miezi aliyokuwa ndani, kazi ya kuwalisha kuku wake nikaichukua mimi. Kuku wale ndio waliokuwa wamebaki kumtunza. Watoto wake wako Mombasa wanahangaika na yao, kwa hiyo mayai yale yalikuwa ndiyo sukari yake, ndiyo sabuni yake, ndiyo mafuta yake ya taa. Lakini walikuwa wanalala jikoni, kwenye kibanda cha makuti kilichotoboka kila upande, na kicheche alikuwa ameshaijua njia. Nikaapa kwamba siku mama atakayotoka eda atakuta kizimba ambacho kicheche atakitazama tu na kwenda zake.

Mvua kubwa ndiyo iliyonipa mbao. Iliangusha kibanda kilichoegemea ukuta wa nyuma wa msikiti, na nilipopita nikamkuta kibarua anakusanya boriti na makuti yaliyooza. Nikamwuliza mbao hizi zinakwenda wapi. Akasema, "Kuni hizo, mama, chukua," wala hakuinua uso. Nikachukua. Nikachukua na kitu kilichokuwa kimeegemea ukuta nyuma ya lundo lile: kitanda kirefu, chembamba, miguu mifupi, vishikio vinatokeza pembe zote nne, vimepakwa rangi ya kijani iliyoanza kuchunika. Nilidhani ni cha mwalimu wa madrasa, amekichoka. Mti wake ulikuwa mgumu, mchwa hajaugusa, na papi za juu zilikuwa zimeachana kiasi kile kile ninachokitaka, mavi ya kuku yaanguke chini na mguu wa kuku usizame. Nilimshukuru Mungu pale pale, nyuma ya msikiti wa watu.

Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile. Nilizungusha waya, nikaezeka bati, nikaweka mlango unaofunga kwa komeo. Vile vishikio sikuvikata. Nilijiambia kwamba vitasaidia kukihamisha, nikajisifu kwa akili hiyo.

Alipotoka eda, mimi na mume wangu tukakibeba mabegani tukavuka nacho ua. Alikuwa amesimama mlangoni. Alikitazama muda mrefu, kisha akaja akaweka kiganja juu ya kishikio kimoja, akakiacha hapo. Machozi yakamtoka. "Mwanangu, umefanya kazi kubwa," akasema. "Mungu akulipe." Niliyachukua machozi yale kuwa shukrani, nikarudi kwangu nimevimba kichwa.

Kuku hawakuingia.

Nilipita siku ya pili, kizimba kitupu. Nikapita tena, kitupu, lakini kimefagiwa chini na juu yake kimetandikwa leso safi. Nikamwuliza, "Mama, kuku hawajahama?" Akasema bado hawajakizoea. Mara nyingine akasema anangoja kikauke vizuri juani. Na huku kicheche anaingia jikoni. Alimchukua tembe aliyekuwa ameatamia, akamchukua yule mwekundu mwenye kutaga kila siku, na mama akawa ananunua sukari ya kupima kwa kijiko dukani. Nilimwona kwa macho yangu akifagia manyoya asubuhi, kizimba changu kimesimama hatua chache kutoka pale, leso yake juu, kama meza ya wageni.

Roho iliniuma, na mimi roho ikiniuma mdomo hautulii. Nikasema bombani, mbele ya wanawake wenzangu, kwamba wako watu ukiwapa kitu wanakifanya pambo. Nikasema labda mikono yetu sisi watu wa bara haifai kwa kuku wa pwani. Wakacheka. Nilitaka maneno yamfikie, na yalimfikia. Siku ile ile aliniletea bakuli la mbaazi za nazi, akaniuliza kama nimekula.

Basi alasiri moja nikaenda kwake na pumba. Dada yake mkubwa alikuwa amekuja kutoka Jego, wamekaa uani juu ya mkeka wanasuka ukili, pamoja na majirani wawili. Jua lilikuwa linashuka na kuku wameanza kujikusanya kwenye mlango wa jiko. Nikasema kwa sauti, ili kila mtu asikie, "Leo nawahamisha mwenyewe." Nikamshika wa kwanza.

"Mwanangu, acha," akasema mama, polepole.

"Mama, wewe na kuku wako mmedekezana," nikamjibu nikicheka. Nikaiondoa leso nikaitupa begani, nikawaingiza mmoja baada ya mwingine, nikafunga komeo. Wakapiga kelele, wakapapatika, mmoja akanya pale pale juu ya papi.

Mama aliinuka. Magoti yake ni mabovu, kuinuka kwake ni kazi. Akafungua komeo langu, akawatoa kuku wote, hakumwacha hata mmoja, halafu akashika pindo la leso aliyojifunga akafuta yale mavi. Alifuta papi ile mpaka ikakauka.

Nikamwambia, "Kama kitu changu ni najisi, mama, si ungeniambia tu nikichukue?"

Hapo dada yake akauweka chini ukili wake. "Binti, wewe unajua hicho ni nini?"

"Dada, nakuomba," akasema mama.

"La, aambiwe. Hilo ni jeneza la msikiti. Ndilo lililomtoa mumewe kwa mlango huu huu. Yeye ndiye wa mwisho kulipanda, kisha wakaleta la chuma."

Sisi Wakristo maiti wetu tunamfunga ndani ya sanduku, anazikwa nalo. Wao humbeba juu ya kitanda kile, wakishamlaza kaburini kitanda kinarudi kumngoja mwingine. Nimeishi nao maisha yangu yote. Nimekiona kikipita mara nyingi, kimefunikwa nguo, wanaume wamekizunguka wanakwenda kwa haraka, na sisi wanawake tumebaki nyumbani na waliofiwa. Mbao zake sikuwahi kuziona. Mama aliziona, kwa sababu siku ile jeneza liliwekwa mlangoni pake likingali tupu. Na mimi nilimletea lile lile, limebebwa mabegani vile vile, siku aliyotoka eda, likiwa na waya wa kuku.

Nilitaka kupiga magoti, nikaona hata hilo litakuwa ni kujitia mbele tena. Leso yake ilikuwa bado begani kwangu. Nikaikunja, sikujua nimpe au niiweke wapi.

Mama hakunitazama mimi, alimtazama dada yake. Sijawahi kumwona na hasira mpaka siku ile. "Nilikukataza kumwambia," akasema. "Kuku wataanguliwa wengine. Huyu sasa ataona haya, ataacha kuja kwangu."

Wanaume wa msikiti walikuja asubuhi iliyofuata kulichukua. Walinisalimu vizuri, wakaniuliza habari za watoto, na hakuna aliyeniuliza nililipata vipi. Waya wangu waliufungua kwa uangalifu, wakaukunja, wakaniletea mlangoni pamoja na bati na bawaba. Nimeuweka nyuma ya nyumba na siwezi kuugusa.

Nimekwishamwomba mama msamaha kwa kinywa cha mume wangu, na akajibu kwamba hakuna cha kusamehe. Najua kinachotakiwa. Ni kuvuka ua tu, nikakae juu ya mkeka wake. Aliwaacha kuku wake waliwe, na sukari yake, na sabuni yake, akanyamaza nilipomsema bombani, ili mimi niendelee kuingia kwake bila kuinamisha kichwa. Na siingii.

Kila asubuhi hunisikia nikifungua dirisha, akaniita kutoka upande wake: "Mwanangu, umeamkaje?" Nami hujibu, "Shikamoo mama, nimeamka salama," kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi, na kumbe nimesimama tu nyuma ya mlango, mikono mitupu. Huitikia marahaba. Kisha nasikia kwamba hajaondoka, bado yuko pale kwenye ua, ananingoja.