Mguu wa Breki Mbele ya Hakimu

Mdogo wangu wanamwita Breki, kwa kuwa tangu aanze kuendesha lori la mikate hajagonga hata kuku. Pombe hanywi, harufu yake tu inamtia kichefuchefu. Kasoro yake ni mguu wa kushoto, ulivunjika utotoni ukaungwa hovyo, ukabaki mfupi. Fundi viatu alimwongezea soli ndani ya kiatu, akawa anatembea kama nyinyi na mimi. Bosi wake hakujua. Angejua, usukani angeuona kwa macho tu.

Asubuhi moja trafiki wakamsimamisha, macho yamemwiva, maana mikate hupakiwa alfajiri. Kipimo cha kupuliza kilikuwa kibovu, basi wakamvua viatu wakamwambia atembee juu ya mstari mweupe wa barabara. Akayumba. Wakaandika mlevi. Angewaambia habari za mguu yangekwisha pale pale, lakini mpakiaji wa kampuni alikuwa kwenye kiti cha pembeni, na mdomo ule hauna kifuniko. Breki akanyamaza akapelekwa ndani.

Mahakamani wakili wetu alimbana trafiki vizuri. Kipimo kibovu, barabara ina mteremko, damu haikupimwa. Trafiki hakutingishika.

"Mheshimiwa, ambaye hajalewa hutembea sawa hata akiwa peku."

Wakili, aliyejua habari za mguu ila si kwamba bosi anafichwa, akatabasamu, akamwambia Breki avue viatu atembee mbele ya hakimu.

Mdogo wangu akanigeukia. Benchi la nyuma alikaa bosi, wakili mwenyewe kamwita aje kumsifia tabia. Asipovua, leseni inakwenda. Akivua, je? Niliangalia sakafu.

Akafungua kamba. Akatembea, anachechemea kama meza yenye mguu mmoja mbovu, na watu wakacheka. Hakimu akafuta kesi.

Nje bosi alimpa mkono.

"Nimefurahi, ndugu yangu. Funguo za lori mwachie mlinzi."

Nikamwambia bosi, miaka yote hiyo hajakukwaruzia hata kioo.

"Dada, mguu huo ndio wa klachi," akasema kwa upole, akaingia kwenye gari lake.

Wakili akatoka meno yote nje, tumeshinda. Breki akamshukuru kwa heshima, kama alivyolelewa. Nilipomwambia twende nyumbani akasema nitangulie, apitie kwanza kwa mlinzi.