Mitungi ya Bi Inshirah

Kila alfajiri, akishatoa salamu ya sala na kumaliza nyiradi zake, Bi Inshirah alitoka nje na mpira wa maji kwenda kujaza mitungi. Ilikuwa miwili, ya udongo, imekaa juu ya kigoda cha chuma nje ya ukuta wa bustani, chini ya mti wa maua mekundu unaofunika nusu ya barabara. Kila mmoja ulikuwa na mfuniko wa mbao na kopo la bati lililofungwa kwa mnyororo, lisije likaota miguu. Ukutani, juu yake, palikuwa na kibao: *Sadaka kwa ajili ya marehemu Shukri Abdul-Mun'im. Ukinywa, msomee Alfatiha.*

Shukri alikuwa mumewe, fundi wa simu, mtu wa maneno machache. Alifariki miaka minne nyuma, katika mwezi wa joto kali, akiomba maji hospitalini na madaktari wamekataza asipewe hata tone. Bi Inshirah alilia siku arubaini. Siku ya arubaini na moja akaenda Fustat kwa wafinyanzi, akarudi na mitungi ndani ya teksi, ameikumbatia kama watoto. Kiu ya Shukri, alisema, itaishia kwenye koo za watu wengine.

Mtaa wenyewe ni wa Maadi, upande wa majumba yenye bustani, ambako hata mbwa hubweka kwa adabu. Bi Inshirah hakuwa mtu wa mali. Alipanga vyumba viwili vya chini vinavyotazama bustani, na aliishi kwa cherehani yake, akipunguza na kuongeza nguo za mabibi wa majumba ya jirani. Aliyewapangisha yeye na mumewe, miaka tisa nyuma, alikuwa mwenye nyumba wa zamani, Haji Wajihi. Mzee yule aliwatazama mara moja tu akasema, "Hapa mtaani watu wa kujifungia ndani ninao tele. Ninataka wa kunisalimia." Kila mwaka aliwaandikia mkataba mpya huku akinywa chai yao. Mwaka jana naye akatangulia mbele ya haki, na nyumba ikaangukia mikononi mwa mwanawe, Mhandisi Hatim, aliyerudi kutoka Ghuba na miwani ya jua na mipango mingi.

Mpango wa kwanza ulikuwa geti la chuma. Wa pili, kamera tatu. Wa tatu, kuwapangisha ghorofa ya juu watu wa kulipa dola. Wa nne ulikuwa mitungi.

Alikuja asubuhi moja, Bi Inshirah yuko barazani anapinda upindo wa gauni.

"Asubuhi njema, Hajja."

"Ya kheri na nuru, mwanangu. Keti, chai iko motoni."

"Sina nafasi ya chai. Nimekuja kwa ajili ya mitungi."

"Inavuja?"

"Hajja, tusifanyiane mzaha. Jana nimehesabu watu kumi na mmoja pale. Wafagiaji, waleta vyakula na pikipiki zao, mayaya, mabawabu wa nyumba za watu. Wamejipanga kwenye ukingo wa barabara kama wamealikwa harusi. Wapangaji wa juu wamelalamika. Wale wanalipia utulivu."

"Mtu anayekunywa maji hupiga kelele gani?"

Hatim alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi. Mimi ninataka kukuandikia mwingine, Wallahi ninataka. Toa mitungi, nikuandikie."

"Na nisipotoa?"

"Utatafuta kwingine."

Sindano ilisimama kwenye kitambaa. "Ile ni sadaka ya maiti, Hatim."

"Mungu amrehemu. Lakini alikuwa mpangaji, Hajja. Ukuta ni wangu. Lingekuwa jina la mtu wa nyumba hii, nisingefungua mdomo. Lakini ukuta wangu ubebe jina la mpangaji, hata wewe mwenyewe huoni ajabu?"

Akaondoka bila kungoja jibu. Getini akamwita bawabu wake, Ami Dardiri, mzee kutoka Saidi, huko kusini, aliyelinda nyumba ile tangu Hatim ana meno ya utoto.

"Dardiri, iondoe ile mitungi leo."

"Nina mgongo, bwana."

"Umekuanza lini huo mgongo?"

"Ulipotaja mitungi."

Hatim akamwambia kuwa atajua cha kufanya naye. Ami Dardiri akaitikia "Amin", kana kwamba ameombewa dua, akaketi zake kwenye benchi.

Siku zilizofuata hazikuwa nyepesi. Nahla, binti wa Bi Inshirah aliyeolewa Iskandaria, alimpigia simu akamwambia, "Mama, ni vyungu viwili tu. Chukua mkataba wako. Ukitoka hapo utapata wapi nyumba? Watakutupa huko jangwani kwenye mitaa mipya, wateja wako watakufuataje?" Nahla hakusema uongo. Bi Inshirah alizijua bei, alizijua nyumba, na alijua mikono yake inakata nguo vizuri lakini magoti yake hayapandi ngazi. Tena aliupenda mtaa ule. Aliupenda mti, kivuli, njiwa wa asubuhi, na utulivu uleule ambao Hatim aliuuza kwa dola na yeye akaupata kwa salamu. Siku mbili nzima alipita mbele ya mitungi bila kuitazama, kama mtu mwenye neno na jirani.

Lakini maneno ya Hatim hayakumtoka. Lingekuwa jina la mtu wa nyumba hii. Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, akiwa bado juu ya mswala, lilimjia jambo akaona haya mwenyewe. Haji Wajihi alikuwa na mwaka mzima kaburini. Geti limesimama, kamera zimetundikwa, dola zinaingia, na hakuna kikombe kimoja cha maji kilichomiminwa kwa jina lake. Naye, Inshirah, aliyekula wema wa mzee yule miaka minane, aliweka mitungi miwili, na yote miwili akampa mume wake.

Alitoka na bisibisi akaking'oa kibao cha Shukri. Kilikataa kidogo, kisha kikaachia. Akakiingiza ndani, akakisimamisha kando ya cherehani.

"Usininunie," alikiambia. "Jirani ana haki. Wewe nitakusomea mwenyewe."

Kesho yake akaenda kwa mwandika vibao wa sokoni na kumchagulia maneno.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa ya adhuhuri, jua linatwanga, gari dogo la mizigo lilisimama chini ya mti. Wakashuka wapagazi wawili, mmoja mnene wa masharubu, mwingine mrefu mwenye kilemba shingoni. Hatim akaja nyuma na gari lake. Ami Dardiri alikuwa benchini, hakuinuka. Bi Inshirah alifungua dirisha, akaweka viwiko kwenye ukingo wake.

"Ni hii miwili," Hatim aliwaambia, akiwa bado na simu sikioni. "Mkatupe popote."

Mnene alifunua mtungi, si kwa kuubeba. Alichota kopo akanywa lote, akachota la pili, akampa mwenzake. Maji yale yalikuwa baridi ya udongo, ile isiyoumiza meno. Mrefu alipomaliza alijifuta mdomo, akainua macho ukutani, akasoma polepole, neno moja moja, kama mtu aliyesoma madarasa machache:

"Sadaka kwa ajili ya marehemu Haji Wajihi Sabri, mwenye nyumba hii. Ukinywa, msomee Alfatiha."

Wote wawili wakainua viganja. Ami Dardiri naye akainuka sasa, mgongo na kila kitu, akainua vyake. Msichana wa kazi aliyekuwa akipita na kikapu akasimama. Hatim aliiondoa simu sikioni. Siku zote hizo alikuwa akipita mbele ya kibao kipya bila kukisoma, na leo alikuwa akikisoma.

Mbele ya watu wanaomwombea baba yako, hata uwe na miwani ya namna gani, huwezi kubaki umeshusha mikono. Hatim akainua ya kwake. Akaitikia *amin* pamoja nao.

"Mungu amlaze pema," mnene alisema, akijipangusa uso. "Ni mzee wako, mhandisi? Una bahati, unamkumbuka. Wengine husahau. Haya, tuanze na upi?"

Hatim akasogea hadi dirishani, uso umemwiva.

"Nani kakuruhusu kuandika jina la baba yangu?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema lingekuwa jina la mtu wa nyumba hii, usingefungua mdomo. Mbona umeufungua?"

Msichana wa kikapu akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Bi Inshirah hakucheka. Sauti yake ilikuwa ileile ya kumwambia mteja kwamba gauni halitamtosha.

"Nisikilize, mwanangu. Mkataba ni wako, andika au usiandike. Kesho ukiniambia nihame, nitahama na cherehani yangu, na huko niendako nitaweka mitungi. Ila hii ya leo siiondoi mimi, na hawa wawili usiwatwike dhambi hiyo. Wana watoto. Ukitaka iondoke, ibebe wewe. Kwa mikono yako. Sisi tuko hapa tunakuangalia."

Hatim aligeuka akaiendea mitungi. Alikuwa na ujeuri wa kutosha, nao ulimfikisha pale. Aliukumbatia mtungi wa kwanza, jasho la udongo likamlowesha shati kifuani. Akakaa hivyo. Usingeweza kujua kama alikuwa akiupima uzito au anafanya jambo jingine. Kisha akauachia, akarudisha mfuniko mahali pake, akausawazisha kwa kidole.

"Una ukoga huku chini," alisema bila kumtazama mtu. "Usafishwe."

Akawalipa wapagazi safari yao ya bure, akaingia garini.

Jumamosi Ami Dardiri alileta mkataba ndani ya bahasha. Bi Inshirah aliusoma wote, hata yale maandishi madogo, kwa miwani yake na kisha kwa miwani ya bawabu. Ulikuwa wa mwaka mmoja, kodi imepanda kidogo, na kuhusu mitungi haukuwa na neno. Akatia sahihi. Akamtilia mzee chai.

Ijumaa iliyofuata teksi ikasimama chini ya mti wa maua mekundu, Bi Inshirah akashuka amekumbatia mtungi wa tatu. Akauketisha kando ya ile miwili, akaingia ndani kuchukua kibao cha Shukri na nyundo.

Ami Dardiri alimshikia msumari. "Hajja, na bwana Hatim akiuliza?"

"Mwambie ukuta una nafasi," Bi Inshirah alisema, akagonga.