Kadi Yangu Katika Kopo la Biskuti

Mwisho wa mwezi, pale Ilomba, tulikuwa tunakaa kwenye benchi nje ya duka la mama mmoja anayekopesha, tukisubiri mishahara yetu wenyewe. Yeye alikuwa ameshatangulia kwenye mashine ya kutolea pesa, kopo la biskuti kwapani. Ndani ya kopo zilikuwemo kadi zetu za benki zimefungwa kwa mpira, na nyuma ya kila kadi amebandika kipande cha plasta chenye namba ya siri ya mwenyewe. Alikuwa anatoa pesa yote. Akirudi anafungua daftari, anakata cha kwake, kinachobaki anakupa mkononi. Tulikiita chenji.

Kadi yangu ilikaa humo miezi saba. Kazi yangu ni kuchambua parachichi kwenye ghala la kufungashia, nje kidogo ya mji wa Mbeya. Mwaka ule upepo uliezua paa la nyumba ya mama yangu huko Kilolo, nikakopa laki tatu za bati. Mkopeshaji hakuniuliza mengi. Alisema, "Kadi na namba ya siri, mwanangu. Basi." Mimi ni mgumu wa kuongea, kwa hiyo nilifurahi kwamba maneno yalikuwa machache. Kila mwezi alikata elfu tisini, na kila mwezi aliniambia hiyo ni riba, deni lenyewe bado liko palepale. Nilikuwa nasema "ahsante mama" naondoka.

Mwezi wa kumi mama yangu alipiga simu. Tukasalimiana kwa Kihehe kama kawaida.

"Mbegu za viazi zimeoza stoo," alisema. "Shamba limeshalimwa. Mvua ikinikuta sina mbegu, sijui mwakani tutakula nini."

Nikamwambia mwezi ukiisha namtumia viroba viwili. Nilipokata simu ndipo nikakumbuka kwamba mshahara wangu unapitia kwenye kopo, na chenji ninayopewa inaishia kwenye kodi ya chumba na unga.

Nilikaa siku tatu nikiwaza, nikaona njia moja: nifunge akaunti. Akaunti ikifungwa kadi haina kazi, na ofisi ya ghala itanilipa mkononi kama zamani nilipokuwa kibarua. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na sikumuuliza mtu anayejua. Nikaenda benki mchana wa mapumziko, nikapewa fomu. Mimi nimesoma hadi darasa la saba na mkono wangu ni mzito. Watu watano walihudumiwa nikiwa bado kwenye mstari wa anuani. Kijana wa dirishani aliipokea, akaipitia, akasema, "Sawa dada. Lete na kadi tuikate, tumalize."

Hapo nilitakiwa kusema kwamba kadi anayo mtu mwingine. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu. Nikasema sawa, nikatoka. Njiani nilijiambia nimeshatia sahihi, na kitu kilichotiwa sahihi kimekwisha.

Mwisho wa mwezi sikwenda kwenye benchi. Nilichambua parachichi huku nikiimba kimoyomoyo. Saa nne asubuhi simu ikatetemeka mfukoni mwa aproni. Ujumbe wa benki: mshahara umeingia. Kabla sijauelewa, ukaja mwingine: pesa imetolewa, karibu yote. Nikausoma mara tatu, parachichi mbovu zikinipita kwenye mkanda.

Dada ninayesimama naye kazini, mtu mzima mwenye watoto wanne, alinichungulia. "Wewe, kuna msiba?"

Nikampa simu. Alisoma, akaguna. Yeye peke yake nilikuwa nimemwambia habari ya benki.

"Si ulisema umefunga akaunti?"

"Nimefunga."

"Sasa hii pesa imetoka kaburini?"

Nilicheka huku machozi yananitoka. Kadi yake nayo ilikuwa kwenye kopo, mwaka wa pili. Akanirudishia simu na kusema, "Rudi benki. Ukishindwa kusema, andika, uwape karatasi."

Jioni niliandika. Ukurasa mmoja ulinichukua mpaka ugali ukapoa: kwamba nilijaza fomu, kwamba kadi anayo aliyenikopesha, kwamba namba ya siri nilimpa mwenyewe, kwamba ametoa pesa baada ya mimi kufunga. Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikamsogezea yule kijana wa benki karatasi bila neno. Niliogopa atacheka. Alisoma mpaka mwisho.

"Dada, akaunti hii haijafungwa," alisema kwa sauti ya chini, kama naye hataki foleni isikie. "Ilikuwa inasubiri kadi. Ungesema tu kadi huna, tungeizuia siku ileile." Akabonyeza mashine yake. "Haya, kuanzia sasa ile kadi ni plastiki tu. Iliyotoka siwezi kuirudisha, maana namba ulimpa mwenyewe. Hilo kalimalize naye."

Akanifungulia akaunti nyingine, akaniambia namba yake niipeleke mwenyewe ofisini kwetu, kwa sababu benki haitawaambia. Namba mpya ya siri niliibonyeza nimefunika vidole kwa mkono wa pili, ingawa nyuma yangu hakukuwa na mtu.

Jioni hiyo yule mwenzangu wa kazini alinisindikiza dukani. Mkopeshaji alikuwa anapima sukari. Alipotuona akatabasamu.

"Bubu wangu leo kaja na mdomo wa kuazima."

"Nimefuata chenji, mama," nikasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Chenji ipo. Ila hukuja jana, naona miguu inataka kukimbia. Nitakata na ya mwezi ujao kabisa."

"Mwezi ujao kadi haitafanya kazi. Nimeizuia."

Kijiko cha sukari kikasimama hewani. Mwenzangu akasema, "Twende wote kwa mtendaji wa mtaa, mama, au tumwite huku mbele ya wateja?"

Tulikwenda. Mtendaji aliuliza nilikopa kiasi gani, kisha akaomba daftari ajumlishe kilichokatwa. Ilikuwa laki sita na zaidi. Akauliza leseni ya kukopesha iko wapi.

"Mwanangu, mimi nawasaidia tu hawa watoto," mkopeshaji akasema.

Mtendaji akafunga daftari. "Basi umemsaidia vya kutosha. Iandikwe kwamba deni limekwisha. Nani anaandika?"

"Naandika mimi," nikasema.

Wakanisubiri. Mkopeshaji aliangalia karatasi, akaangalia saa ya ukutani. "Kwa mwandiko huu Krismasi itatukuta hapa." Mtendaji alicheka, na mimi nikacheka, nikaendelea herufi kwa herufi. Mkopeshaji akatia sahihi. Akanipa chenji na kadi yangu, plasta ikiwa bado nyuma yake. Elfu tisini ya mwezi ule hakuirudisha, na sikuidai.

Kodi niliomba niongezewe wiki mbili. Chenji ikanunua viroba viwili vya mbegu, na Jumamosi nikavipakia kwenye basi la Iringa. Siku ya tatu mama yangu alipiga simu.

"Zimefika. Nimezimwaga sebuleni chini ya bati zako. Zimeshaanza kutoa macho."

"Mvua je?"

"Bado. Imetusubiri."

Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, mwenzangu aliweka mbele yangu karatasi yenye mistari na kalamu. "Niandikie na mimi ya benki."

"Wewe una mkono mwepesi kuliko wangu."

"Mkono ninao. Nikifika kwenye kusema namba nilimpa mwenyewe, nakwama."

Nikasogeza sahani pembeni, nikaanza. Kengele ya kazi ililia tukiwa mstari wa tatu. Akaikunja karatasi, akaiweka kwenye aproni yake, akasema tutaendelea saa kumi.