Maadhuni wa Filamu Arubaini na Moja

Watu wa Ibra, hapa Oman, wakikutajia Sheikh Mahrous watakwambia alikuwa mwanachuoni wa Azhar, Mungu amrehemu, na watakuapia. Mimi ni Badriya, mtoto wa dada yake, na nikahi yangu mwenyewe aliisoma yeye. Basi nasema mapema: mjomba wangu hakuwa sheikh. Alikuwa mwigizaji wa sinema, kazi aliyoifanya Misri miaka ishirini na tatu, na mimi nimechoka kusikia akisifiwa kwa kazi ambayo si yake.

Aliondoka Unguja mwaka arubaini na tisa, kijana wa miaka kumi na tisa, kwenda Kairo kusoma dini. Babu yangu alikuwa na watoto wawili tu, yeye na mama yangu Fakhriya, na alikwishawatangazia watu wa mtaa wetu wa Malindi kwamba mwanawe atarudi kadhi. Babu alikuwa na tabia hiyo ya kutangaza mambo kabla hayajawa. Mjomba akasoma Azhar miaka miwili, kisha moyo ukamtoka. Hakufukuzwa, wala hakuharibikiwa na ulevi, kwa wale wanaopenda kusikia hivyo. Alikuwa amekaa mkahawani na kilemba chake cha kiwanafunzi, akaja mtu akamuuliza kama atapenda kukaa mbele ya kamera nusu saa. Aliyekuwa aigize kuozesha siku ile alikuwa hawezi, na picha haikuweza kungoja.

Aliyepata kutazama filamu za zamani za Misri anamjua mtu huyo. Bibi harusi analia, bwana harusi tajiri anasokota masharubu, na katikati yao amekaa maadhuni, mwozeshaji wa serikali, na kilemba chake na daftari kubwa. Anafunika mikono ya wanaume wawili kwa leso nyeupe, anaanza kusoma. Hajamaliza, mlango unafunguliwa kwa kishindo, anaingia yule kijana anayependwa, anapiga kelele kwamba nikahi hii haiwi. Maadhuni anatoa macho. Filamu inaendelea, na yeye haonekani tena mpaka mwisho.

Huyo ndiye mjomba wangu. Alicheza filamu arubaini na moja, karibu zote maadhuni, na katika hizo alifanikiwa kuozesha mara tatu tu. Yeye mwenyewe hakuoa. Alikuwa na chumba kimoja juu ya paa la nyumba ya watu, na kutwa alikaa katika mkahawa ambao waigizaji wadogo hungojea kuitwa. Nyumbani aliandika kwamba masomo yanaendelea vizuri. Babu alikufa mwaka sitini na mbili akiamini hivyo.

Kisha yakaja ya sitini na nne, tukatawanyika. Sisi tukakaa Dar es Salaam, baba yangu akafia huko, na mwaka sabini na mbili mama akatuleta Oman, hapa Ibra, walikotoka wazee wetu na ambako hakuna hata mmoja wetu aliyepata kukanyaga. Mama akamwandikia kaka yake: njoo, sasa tuna kwetu. Wakati huo Kairo walikwishapata maadhuni mwengine, kijana mchekeshaji, na mjomba alikuwa amekaa mkahawani miezi saba bila ya kuitwa. Akafunga sanduku lake, akaja. Mwaka ulikuwa sabini na tano.

Ami Soud, ndugu wa marehemu baba yangu, alimpokea mbele ya wanaume wote katika sabla, ule ukumbi wetu wa wageni. Akampa mkono, akasema, "Marhaba ya sheikh! Huyu, ya jamaa, ndiye yule wetu aliyesoma Azhar. Si ndivyo?"

"Nimesoma Azhar," mjomba akajibu.

Hakusema uongo. Alinyamazia tu yaliyobaki, na wanaume wakasimama mmoja mmoja kumbusu kichwa.

Mimi nilifunga ndoa mwaka sabini na tisa na Nadhir, mtu wa Bidiya, karani wa serikali. Walii wangu, yaani msimamizi wa kuniozesha, alikuwa Ami Soud, kama ilivyo ada, lakini hotuba aliisoma mjomba. Nilikuwa chumba cha pili na wanawake, mlango umerudishwa nusu. Sauti ile ilipoanza, kina mama waliacha kutafuna tende. Nimesikia hotuba za nikahi nyingi tangu hapo, za makadhi wa kweli, wanazisoma kama mtu anayekimbilia basi. Yeye alisoma kama vile hakuna aliyepata kuoa duniani kabla yetu. Halafu akatoa leso nyeupe mfukoni, akawafunika mikono Ami Soud na Nadhir.

Kwetu hakukuwa na mambo ya leso. Wazee wakatazamana, wakasema kimoyomoyo, hii ndiyo elimu. Toka siku ile kila familia iliyorudi kutoka Afrika, kuanzia Ibra mpaka Jalan Bani Bu Hassan, harusi bila ya sheikh wa leso waliiona haikutimia. Gari zilikuja kumchukua. Akiulizwa swali la sheria alisema, "Mwulizeni kadhi, yeye anajua zaidi," na watu wakazidi kumpenda kwa unyenyekevu wake. Unyenyekevu gani! Maskini alikuwa hajui.

Nyumbani alikuwa mpweke, na nakiri kwamba sote tulimwona. Kiarabu chake kilikuwa cha Kairo, na watoto wa jirani walikuwa wakimwigiza uchochoroni. Kiswahili chake kilikuwa cha mwaka arubaini na tisa, na maneno mengine yalikwishamtoka, husimama katikati ya sentensi akitafuta jina la kitu kama kawa. Akawa na lugha mbili na hana wa kuzungumza naye hata moja. Alasiri alikwenda peke yake mpaka mwisho wa mitende, akakaa kwenye ukingo wa falaj, ule mfereji wa maji ya mashamba, akawa anasema na nafsi yake. Wapita njia walidhani anamdhukuru Mola. Siku nyingine mezani angeanza, "Kule Kairo, kulikuwa na bwana mmoja..." na mama angemkata hapo hapo, "Kaka, kahwa inapoa." Nilimwona mama mkali bila ya sababu.

Televisheni tuliipata mwaka themanini na mbili. Siku za Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, kulikuwa na filamu ya Kiarabu, na nyumba nzima ilijaa sebuleni, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwengine, watoto chini ya miguu yetu. Ijumaa moja mimi na Nadhir tulikuwa tumekuja kutoka Bidiya, nina mimba ya mwanangu wa pili. Mtangazaji alipotaja jina la filamu, mjomba aliweka kikombe chini. Nilidhani atainuka aende kulala. Hakuinuka. Alijiweka sawa, akafunga vifungo vya kanzu mpaka juu, akatulia.

Ilipita saa nzima. Bibi harusi akaanza kulia. Mlango ukafunguliwa, akaingia maadhuni na daftari lake, kijana, ndevu nyeusi, pua ya mama yangu.

Leso ikatoka mfukoni.

"Huyu si mjomba?" akasema Nadhir. "Shuf, tazameni, wallahi ni yeye! Mjomba yumo ndani ya sinema!"

Kwenye kioo bibi harusi alikuwa akilia kwa sauti, na maadhuni, badala ya kumtazama, aliinamisha macho, akafuta ncha ya kalamu kwa mkono wa joho lake, pole pole, kama mtu anayeona haya kwa niaba ya wengine. Nililiona jambo lile na likanichoma. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, kijana akaingia, na maadhuni akatoa macho. Ami Soud alikuwa amegeuka, anamtazama mjomba usoni. Mjomba alikuwa anatazama televisheni tu, na mdomo wake unacheza.

Mama ndiye aliyesema. Hakupandisha sauti.

"Ndiye. Kwani mlidhani Wamisri watafanya mchezo na nikahi? Walimwita sheikh wa kweli."

Ami Soud akafikiri. Ni mtu wa kufikiri sana, Ami Soud, na mara nyingi ingekuwa heri asifikiri. Halafu uso wake ukafunguka.

"Sadaqti, umesema kweli, Fakhriya. Mambo matatu mzaha wake ni kweli: nikahi, talaka na kumrejea mke. Wale vijana wangetamka tu 'nimekubali' mbele ya watu, khalas, wameoana! Lazima pawepo mjuzi wa kuhakikisha haitimii. Hamkuona? Ilikatizwa kabla ya kukubali!" Akapiga goti lake kwa furaha. "Subhanallah. Na sisi hatujui tuna nani humu ndani."

Na wote wakashusha pumzi. Kabla ya Ishaa habari ilikuwa imeenea Ibra nzima: sheikh wetu aliitwa na Wamisri wenyewe awasimamie wasije wakaoana kwa bahati mbaya.

Alasiri hiyo hiyo mama alinipa kahwa nimpelekee mjomba chumbani kwake. Nilimkuta anatembea huku na huku. Sijapata kumwona vile, alikuwa kama mtu aliyeshushwa umri miaka thelathini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Funga mlango. Kaa."

Akanieleza yote, kwa haraka, Kiarabu na Kiswahili kwa pamoja: mkahawa, chumba cha juu ya paa, filamu arubaini na moja, zile mara tatu alizofaulu kuozesha. Kisha akasimama mbele yangu.

"Ile ya kufuta kalamu," akasema, "hakuniambia mtu. Haikuandikwa popote. Niliibuni mimi, palepale. Mwongozaji wa picha alinishika bega, akasema kumbe wewe mwigizaji. Mara moja tu katika umri wangu nimeambiwa hivyo." Akaniinamia. "Badriya, sina wa kumuuliza katika nchi hii. Uliiona? Nilicheza vizuri?"

Nilikuwa nimeiona. Na neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilifikiri: aliyeniozesha ni mtu wa mchezo, na siku ikijulikana, mama mkwe wangu Bidiya atasema nini juu ya nikahi yangu, na juu ya huyu niliye naye tumboni? Upumbavu mtupu. Walii alikuwapo, mashahidi walikuwapo, nikahi ilisimama hata kama hotuba ingesomwa na muuza samaki. Leo najua. Siku ile niliogopa, nikaweka kikombe mezani na kusema:

"Hukucheza, mjomba. Ulikuwa unaozesha watu. Sote tumeona."

Kisha nikamwona anabadilika mbele ya macho yangu: mabega yakashuka, mikono ikakutana tumboni, shingo ikainama upande.

"Allah akubariki, mwanangu," akasema kwa ile sauti ya harusini. "Nakuombea uzazi mwema."

Akachukua kahwa yake akainywa. Mimi nikatoka nikijiona nimeokoa nyumba. Toka siku hiyo hakuianza tena ile hadithi ya kule Kairo, hata mezani, hata kwa mzaha. Filamu ya Ijumaa ikianza alikwenda msikitini. Alikuwa sheikh tangu asubuhi mpaka kulala, hata tukiwa sisi wenyewe tu, na sikumwona tena akijisahau.

Alifariki mwaka themanini na sita, kwa moyo. Walikuja watu mpaka kutoka Sur na Nizwa. Siku tatu wanaume walikaa sablani, na Ami Soud akawasimulia wageni wote habari za Wamisri na nikahi, kila mara kwa urefu zaidi. Nilimsikia kutoka ndani, nikatamani kutoka nimnyamazishe mbele ya watu.

Siku ya kuondoa tanga, wageni walipokwisha, tulibaki mimi na mama tunakunja majamvi. Sikuweza kuvumilia tena.

"Mama," nikasema, "mjomba hakuwa sheikh."

"Najua," akasema mama, na hakuacha kukunja. "Mwaka hamsini na nane nilikwenda sinema, Unguja, onyesho la wanawake, mimi na shoga yangu Khole, kwa kumficha baba. Mara namwona kaka yangu anaingia na kilemba. Watu wakacheka alipotoa macho, nami nikacheka nao, halafu nikalia. Wiki ile niliingia mara nne. Khole akadhani nimempenda yule kijana mzuri anayevunja mlango."

"Mara nne! Na mbona hukumwambia?"

"Baba alikuwa hai, mwanangu. Baba akafa, nikasema atakuja kusema mwenyewe. Akaja, na Soud akamwita sheikh mbele ya kabila zima. Nikawa namnyamazisha nisije nikasikia, maana ningesikia ningejibu kwamba nilimwona." Akaketi juu ya jamvi. "Na wewe ulijuaje?"

Nikamweleza ile alasiri ya kahwa, alivyosimama, alivyoniuliza, na nilivyomjibu. Nilidhani atanigombeza. Mama alivuta ushungi wake, akajifunika uso.

"Maskini kaka yangu," akasema. "Amekufa anadhani hakuna aliyemtazama."