Pojo za Mama na Ndoo Juu ya Kabati

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikipanda ngazi za nyumba hii, mwanangu, na siku hizi nazipanda kwa kupumzika mara mbili njiani. Ilikuwa Alhamisi, baada ya alasiri. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, nimerudi kutoka Maskati na stashahada ya ufundi wa maji. Stashahada hiyo sikulipiwa na mtu. Mchana nilibeba mabomba kwenye majengo, jioni nikaingia darasani mikono ikinuka gundi. Mpaka leo iko ukutani, na mgeni akija namwonyesha kabla hajaletewa chai. Sioni haya. Nilichonacho nimekipata kwa jasho langu.

Lakini Alhamisi ile haikunifaa kitu.

Marehemu mama yangu, Bi Zuhura, alikuwa akiotesha pojo, zile choroko za kijani, na kuwauzia majirani wa huku Mji wa Kale. Pojo zake zilijulikana mpaka Ndia Kuu: mikia mifupi, myeupe, hazina harufu, na ukizitia katika tui hazivurugiki. Aliziloweka usiku kucha, akazifunga katika kipande cha leso kuukuu, akaziweka ndani ya kung'uto, kile kikapu cha kuchujia. Tangu hapo alizisuuza asubuhi, adhuhuri na jioni, kwa maji mapya kila mara, mpaka zitoe mikia. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kupinda kwa baridi yabisi. Nilipomwona akiikamua ile leso nikajiambia kwamba mtu wa kumpumzisha amekwisha kufika.

Sikununua kitu. Nilichukua ndoo ya rangi iliyokwisha, nikaisugua, nikaitoboa chini kwa msumari wa moto, nikapachika mpira mwembamba na kuubana kwa kibanio cha nguo ili maji yatoke tone kwa tone. Chini ya mpira nikaweka kung'uto la pojo, na chini ya kung'uto ndoo ya pili ya kukinga. Ndoo ya kwanza niliipandisha juu ya kabati la vyombo, kwa sababu maji yakipewa mteremko hujiendea yenyewe. Na kwa kuwa mifereji ya kisiwani ilikuwa ikikauka siku nzima, kama inavyokauka leo, nikaamua lisipotee hata tone moja. Ndoo ya chini ikijaa, inarudishwa juu, na maji yaleyale yanaanza safari upya. Hapo ndipo nilipojiona mtu wa maana.

Bwana Mutiso, karani wa bandarini kutoka bara aliyepanga chumba chetu cha chini, alikuja kutazama. Aliizunguka, mikono nyuma.

"Kazi safi, injinia," akasema. "Sasa hii ndoo ikijaa hapa chini, nani anaipandisha?"

"Bwana Mutiso, wewe shughuli yako ni makaratasi. Maji niachie mimi."

Akacheka, akaenda zake. 

Siku hizo mama alikuwa ameahidi kumpa jirani yetu, Bi Mwanaisha, pojo za karamu ya wanawake kwenye harusi ya bintiye mkubwa. Kwa mama hilo halikuwa jambo dogo. Watu walikuwa wameanza kusema kwamba Bi Zuhura mikono imekwisha, na harusi hiyo ndiyo ingewaonyesha kwamba bado yumo. Nikamwambia azitie zote kwenye mashine yangu.

"Zote?"

"Zote, mama. Wewe keti."

Akaketi.

Siku mbili zilizofuata sikukaa nyumbani, hata kulala nililala kwa rafiki ng'ambo ya kivuko. Nilisema nakwenda kuulizia kazi, lakini kazi niliyoifanya zaidi ilikuwa kujisifu. Niliwasimulia wenye maduka ya leso Biashara Street. Kule Feri, nikingoja kivuko, nilimweleza mtu nisiyemjua hata jina. Muuza kahawa wa Ndia Kuu alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia kikombe, akasema, "Basi ioe, injinia, maana kazi zote za nyumba yafanya." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nilijua watakuja kuniomba niwatengenezee yao.

Alhamisi ile nikarudi nyumbani. Harufu ilinipokea kwenye ngazi. Nilipoingia jikoni nilimkuta mama amesimama juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kile kibao chembamba cha kukunja, ameikumbatia ndoo ya maji kifuani, ajaribu kuifikisha juu ya kabati. Leso yake ilikuwa imelowa mpaka miguuni.

"Wanitazama nini?" akasema. "Shika."

Nikaishika. Nikamuuliza amekuwa akifanya hivyo tangu lini.

"Tangu ulipotoka. Si ulisema ikijaa irudi juu?"

"Na hii harufu?"

"Naisikia tangu jana. Nikasema labda mashine hunuka hivyo."

Nilifunua leso. Pojo zote zilikuwa utelezi. Punje chache zilitangulia kuoza, na maji niliyokuwa nikiyaonea uchungu yalikuwa yakiuchukua uozo huo na kuziogeshea punje nzima, tone kwa tone, usiku na mchana. Mama, akisuuza kwa mkono, huziokota punje mbovu, huyanusa maji, kisha huyamwaga. Mimi mwenye stashahada ya maji sikuwa nimeyanusa hata mara moja.

Nikasema nitakwenda mwenyewe kwa Bi Mwanaisha. Mama alikuwa ameshachukua buibui lake.

"Wewe utamweleza habari za mashine," akasema. "Mimi nitamwambia pojo zimeoza."

Akashuka, mkono mmoja ukutani, kidato kimoja kimoja. Nilisimama juu nikimsikiliza mpaka akafika chini, na siku ile ndiyo mara yangu ya kwanza kuzisikia ngazi zile urefu wake.

Bi Mwanaisha hakumlaumu. Alimpa chai. Lakini harusi ya binti wa pili pojo zilitoka kwa mtu mwingine, na mama alijipamba akaenda, akala, akazisifu.

Alhamisi ile, aliporudi jioni kutoka kwa Bi Mwanaisha, nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwamba kusuuza hakukuwa kumemshinda.

"Uliniuliza? Uliingia na ndoo." Akanyoosha miguu, akayakanda magoti. "Kusuuza ni kazi ya kitako, mwanangu. Nasuuza huku nazungumza na watu dirishani. Kinachonimaliza ni hizi ngazi. Maji yako chini uani, jiko liko juu."

Asubuhi yake nilipandisha ndoo mbili kutoka uani kabla sijanywa chai. Nikazipandisha kila siku mpaka alipofariki, miaka kumi na mmoja, hata nilipokuwa fundi wa kutafutwa na kufunga matangi katika nyumba nyingi za kisiwa hiki.

Mashine sikuitupa. Niliirekebisha, na mama alikubali kuitumia siku alizokwenda kutembea, si zaidi. Nawe ukitaka yako, chukua chupa ya plastiki, kata kitako chake, toboa kifuniko kwa sindano ya moto, pitisha uzi mnene wa pamba uwe utambi, uining'inize kichwa chini juu ya kopo la pojo lililotobolewa matundu, kisha uitie maji. Maji yanayotoka chini mwagia mlimau wako. Usiyarudishe. Na kila siku nusa.

Siku hizi nimechoka, mwanangu. Maji bado yako chini, jiko bado liko juu, na magoti ya mama nimeyarithi mimi. Juzi mjukuu wangu aliniletea mto wa umeme wa kukanda mgongo. Mgongo wangu hauna neno. Niliuegemea nikamshukuru, kwa sababu niliiona furaha aliyoingia nayo, nami naijua furaha hiyo.

Basi nakuusia hivi. Soma, uzipate stashahada kuzidi yangu, na ujisifu ukizipata, maana ni haki yako. Lakini ukitaka kumsaidia mtu, keti naye kwanza umuulize ni wapi panapomwelemea, na usubiri jibu mpaka mwisho. Ukishajibiwa, huenda usihitaji kutengeneza chochote, ukahitaji bega lako tu. Na mtu akikuuliza nani atapandisha ndoo, usimdharau kama nilivyomdharau Bwana Mutiso; mjibu.

Mungu akupe mikono yenye kazi na masikio yenye subira, na ukifika umri wangu akuletee mtu wa kukuuliza kuhusu magoti yako.