Kocha, kiti cha kinyozi na timu iliyofungiwa kwenye droo

Saa tano na dakika hamsini asubuhi. Mashine ya kunyolea inanguruma nyuma ya sikio la mwalimu wa sekondari, na mguu wa kulia wa kinyozi unagongagonga sakafu kama wa mtu aliyebanwa na haja.

Mtaani wanamwita Kocha. Ana miaka thelathini na sita, mke, watoto wawili na timu ya mpira iliyo ndani ya simu. Baada ya dakika kumi timu hiyo inacheza mechi ya kupanda daraja. Simu imefungiwa kwenye droo kwa ufunguo. Kando ya droo ameketi dada yake mkubwa, mwenye saluni, anakunja taulo na hakuna kinachompita.

Leo droo hiyo si mzaha. Jumatatu dada anasafiri kwenda kumuuguza mama yao kwa wiki tatu, na saluni lazima aiache mikononi mwa mtu. Ni mdogo wake, au kinyozi wa mtaa wa pili ambaye simu yake ina tochi na redio, basi. Ataamua leo.

"Ndugu yangu ana mkono mzuri kuliko wote," anasema dada, bila kupunguza sauti. "Tatizo ni kwamba kichwa chake hakikai alipo."

Kocha hapingi. Kabla ya saluni alishapitia kazi saba. Mbili alifukuzwa, tano alizikimbia mwenyewe. "Nikikaa sehemu moja nahisi siafu miguuni," anasema. Kwenye kiti hiki amedumu miaka mitatu. Siku ya kawaida ananyoa vichwa kumi na viwili; fedha za vinne vya kwanza zinaishia kwenye umeme, nyembe na poda.

Mchezo wake ni wa bure. Unapewa timu mbovu, unapanga kikosi, unanunua na kuuza wachezaji, na unashindana na watu usiowajua. Wanaotoa fedha wanapata washambuliaji wakali. Kocha hajawahi kutoa hata senti. Yeye hutazama matangazo, na kila tangazo linampa sarafu tano za mchezo.

"Kipa wangu nimemnunua kwa tangazo la sabuni," anasema. "Nililitazama mara mia moja na arobaini. Lile povu nalijua kuliko wanangu."

Balaa lilitokea miezi miwili iliyopita. Dereva mmoja aliingia akiwa njiani kwenda kwenye usaili wa kazi. Akaagiza vizuri kabisa: pembeni punguza, katikati acha. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kioo, mechi inaendelea, na wateja waliokuwa wakisubiri foleni wamegeuka makocha wasaidizi. Kiungo wa timu alikuwa anapoteza kila mpira.

"Toa wa kati!" mmoja akapiga kelele. "Kocha, toa katikati, unangoja nini?"

Kocha akatoa katikati. Mashine ilipita kutoka kwenye paji la uso hadi utosini, ikaacha barabara ya lami.

"Dereva alijitazama kwenye kioo, akaniuliza, 'Hii ndiyo nini?'" anakumbuka. "Nikanyoa chote." Tangu siku hiyo sheria ni moja: kichwa kikiwa kwenye kiti, simu iko kwenye droo.

Saa sita kamili. Droo inatetemeka. Mechi imeanza.

Mguu unaongeza kasi. Kocha anabadilisha mashine, anachukua wembe, anaurudisha, anauchukua tena. Droo inatetemeka mara ya pili. Hilo ni bao, ila la nani?

"Nenda kachungulie, bwana," mwalimu anamwambia. "Wembe uko shingoni kwangu, nawe unacheza ngoma."

"Tulia, Mwalimu. Ukitikisika utaniharibia."

"Mimi ndiye ninayetikisika?"

Dada anaendelea kukunja taulo lile lile kwa mara ya tatu. Droo inatetemeka tena, mara mbili. Jasho linamtiririka Kocha. Anamaliza kisogo, anachonga mstari wa mbele, anapaka poda, anapangusa shingo kwa brashi, anashika kioo kidogo nyuma ili mwalimu ajione. Mwalimu anajigeuza huku na huku bila haraka yoyote, kisha anatikisa kichwa kukubali.

Ndipo dada anafungua droo, na Kocha anairukia simu. Anasoma. Anakaa chini.

"Tumepanda daraja," anasema. "Mbili kwa moja. Bila mimi."

"Ndiyo maana mmeshinda," anasema dada, na kumrushia funguo mbili, ule wa mlango na ule wa droo. "Nikirudi niikute saluni ikiwa na wateja wenye nywele walizoomba."

Kocha anazipima funguo mkononi. Wiki tatu bila macho ya dada zinamtisha kuliko daraja jipya, na anakiri. Hata hivyo mpango anao. Kila mteja atakayeketi ataifunga simu ya Kocha kwenye droo mwenyewe, na ufunguo atakaa nao mteja huyo mpaka kichwa kiishe.

"Akipenda nilivyomnyoa, ananirudishia ufunguo," anasema.

Na asipopenda?

Kocha anatazama mguu wake, ambao bado unagonga sakafu.

"Anaondoka nao."