Mkavu wa Macho

Wifi yangu alinishika kidevu mbele ya wanawake wote wa msibani, akanigeuzia uso kwenye mwanga wa mlango. "Jamani, mtazameni! Mama yangu yuko ndani ya sanda, mkwewe huyu hata tone! Mkavu wa macho!" Mmoja akacheka ndani ya kanga. Nami nilikuwa nalia, Mungu anajua, ila machozi hayakutoka.

Hayo yalikuwa kijijini kwetu Mpapura, mimi nikiwa na ugonjwa wa sukari mwaka wa tatu. Sisimizi ndio walionifichua, walivyojaa nilipokojoa. Macho yalianza baadaye: yakikwaruza kama yana mchanga, asubuhi kope zimegandana. Mara tatu nilikwenda kwa dresa, mtibabu wa zahanati yetu. Mara zote tatu hakuniinua hata kope anitazame jicho.

"Mama, sukari iko kwenye mkojo. Macho nayo umeyatoa wapi?"

"Yamekauka, bwana dresa."

"Basi lia kidogo."

Waliokaa kwenye benchi wakacheka, nami nikacheka nao. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba nilicheka.

Sasa siku ile ya msiba, wifi aliponiachia, nilikwenda nyuma ya jiko. Nikakata kitunguu, nikakisogeza jichoni. Wapi! Palikuwa na rundo la maganda ya korosho. Kwetu hakuna asiyejua kwamba mafuta ya ganda bichi yanababua ngozi. Nilijua. Nikajipaka chini ya kope ya jicho la kulia, nikafikicha, ili nirudi ndani nina machozi kama wenzangu. Kope iliungua. Jicho lenyewe sikulisikia, basi nikaongeza.

Siku ya tatu likatokea doa jeupe juu ya mboni. Hospitali ya mjini nilimdanganya daktari kwamba mafuta yaliniruka nikibangua korosho.

"Na hukusikia maumivu?"

"Sikusikia."

Akasema sukari hukausha jicho na kulitia ganzi, na kwamba zahanati zetu zilikwisha kuambiwa: mwenye sukari akilalamika macho, aletwe upesi.

Jicho la kulia halioni tena. Mkono ulikuwa wangu, sikatai, na aibu yake ninayo. Wifi alikuwa na ulimi mbaya, lakini hakujua. Wewe dresa, uliyehamia Ufukoni, kule mjini, unayevuka barabara ukiniona, ulikuwa umeambiwa. Kwa nini hukuniandikia karatasi ya kwenda mjini? Nijibu.